Sabuni Iliyopikwa Kando ya Njia

Kosa ninalokusudia kulieleza hapa ni la mtu anayejua kwamba watu humkimbia, naye akaona raha kukimbiwa. Si kosa kubwa kwa jinsi watu wapimavyo makosa. Halina damu wala wizi ndani yake, na mwenye nalo aweza kutunza ukoo wake vizuri, akasali, akazeeka, akazikwa kwa heshima. Nimesoma vitabu kadhaa vinavyotaja dhambi za wanadamu moja baada ya nyingine, wala sikuliona humo. Lakini mimi nilikaa chini yake kwa muda mrefu, tena katika mwaka ambao sikuwa na nguvu hata za kulichukia, na kwa sababu hiyo nadhani naweza kulieleza bila hasira.

Ilikuwa zamani za Wadachi, ndio Wajerumani, miaka michache kabla ya vita vyao na Waingereza. Nilikuwa nimeolewa katika nchi tambarare ya Kyela, upande wa Makwale, na mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misheni iliyokuwa mbali na kwetu. Aliondoka Jumatatu alfajiri, akarudi Jumamosi. Mtoto wetu wa kwanza aliishi hata akaanza kucheka, kisha homa ikamchukua. Baada ya maziko sikulia sana. Watu walidhani ni imani, wakanisifu kwa jambo hilo. Haikuwa imani. Ilikuwa ganzi, kama ile ya mkono uliolaliwa usiku kucha: waushika kwa mkono wa pili, waona kwamba ni wako, lakini wenyewe haukuambii neno.

Katika hali hiyo nilikuwa nikienda kwenye darasa la wanawake kituoni. Aliyetufundisha alikuwa mke wa mchungaji Mdachi, nasi tulimwita mama wa misheni. Alikuwa na nyumba ndogo ya kulelea watoto wachanga waliofiwa na mama zao, naye alitafuta mwanamke mmoja wa kukaa humo na kuwatunza. Walioitaka kazi hiyo walikuwa wengi. Akasema kwamba kazi ya nyumba ile ni kuosha, tangu asubuhi hata jioni, na kwa hiyo atamchagua mtu kwa sabuni. Kila mwanamke akapike yake mwenyewe nyumbani, kwa mikono yake, bila mume wala ndugu kumpikia. Tena isiwe tope la kuoshea vyungu, bali kipande kigumu, safi, chenye pambo, ambacho mtu angependa kumwekea mtoto kando ya beseni.

Ili tuelewe, akafungua sanduku lake akatoa kipande kilichotoka kwao Ulaya. Kilikuwa cheupe, na juu yake palichorwa ua ambalo hatukulijua. Kikapita mkono kwa mkono. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu nami alikinusa, akakinusa tena.

"Hiki ni cha kula," akasema.

"Onja basi, kisha utuambie," mwenzake akamjibu.

Akaonja. Uso wake ukajikunja, na darasa zima likacheka, na mama wa misheni akacheka pamoja nasi. Nakumbuka kwamba mimi pia nilifungua midomo, nikaonyesha meno, kwa kuwa wengine wote walikuwa wakifanya hivyo.

Niliitaka kazi ile. Sisemi kwamba niliitamani, maana tamaa ilikuwa imekufa ganzi pamoja na mengine. Nilijua tu kwamba kila asubuhi mikono yangu iliamka kabla yangu ikitafuta kitu cha kuosha, na kwamba nikiendelea kukaa peke yangu katika nyumba ile ya mianzi, nikifagia ua uliokwisha kufagiwa, siku moja sitaamka kabisa, wala hakuna atakayeona tofauti. Nyumba ya watoto ilikuwa njia pekee niliyoiona ya kutoka.

Kupika sabuni si kazi ngumu kwa aliyeizoea, lakini sisi sote tulikuwa wanagenzi. Tulifundishwa kukausha maganda ya ndizi, kuyachoma, na kuyatia majivu yake katika chungu chenye matundu chini, kilichotandikwa nyasi. Maji yakimwagwa juu, hudondoka chini yakiwa na rangi ya chai. Maji hayo huchemshwa hata yawe makali kiasi cha kulibeba yai, lielee lisizame. Kisha hutiwa mafuta ya mawese yaliyokwisha kuchomwa mpaka wekundu wake umetoka, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, kwa kuwa lazima ukoroge bila kuacha. Ukiondoka, chungu hufura ghafula kama maziwa, kikamwagika chote motoni. Mwisho hutiwa chumvi, ili sabuni igande. Chumvi ilikuwa adimu wakati ule. Mama wa misheni alimpa kila mmoja wetu konzi moja, akasema hana nyingine. Mimi niliigawa yangu katika mafungu, kwa kuwa niliyaogopa makosa yangu mwenyewe.

Pambo lilikuwa shauri jingine. Mke wa seremala alichongewa na mumewe kalibu ya mbao ya kugandishia sabuni, jambo lililojulikana na kila mtu. Mimi nilikwenda ufukweni mwa ziwa, wanapoteremkia wanawake wa Ikombe na mitumbwi yao iliyojaa vyungu, nikamwendea mmoja nikamweleza kwamba nataka kibakuli kidogo, na ndani yake, chini, pawe na ua lililochimbwa.

"Ua gani?" akauliza.

"Lolote."

"Mama, lolote halifinyangiki. Nimefinyanga tangu sijaota meno ya ukubwani, na sijaona lolote lina majani mangapi."

Hakuna ua lililonijia. Akanitazama kichwani, ambapo nywele zilikuwa zimenyolewa kwa msiba na ndiyo kwanza zilikuwa zinaota, naye akaacha mzaha.

"Nitakuchorea yungiyungi," akasema. "Hilo hata mlevi hulitambua. Na bei ni ileile ya vyungu vyote: ukijaze maharage, maharage ni yangu, chungu ni chako."

Alipokileta kimekwisha kuchomwa, nilikijaza. Yaliingia maharage ya kujaa kiganja. Akayatazama, akawaambia wenzake kwamba leo watoto wake watakula punje na kuteremshia maji ya ziwa.

Mara ya kwanza nilipopika, maji ya majivu yalikuwa mepesi mno. Nilikoroga hata jua likageuka, na nilichopata kilikuwa uji wa mafuta unaonuka moshi. Kosa lilikuwa langu, nami nikajifunza. Makosa yaliyofuata hayakuwa ya mikono yangu.

Hapa yanipasa kueleza desturi, maana vijana wa siku hizi huisikia nusu. Kwetu mkaza mwana hamtazami baba mkwe wake, wala hatamki jina lake wala la wazazi wake. Akimwona anakuja, huiacha njia, huingia migombani na kujificha mpaka apite. Na kama hakuna pa kujificha, hujifunika nguo na kuinama. Lakini desturi hiyo haikumfunga mwanamke peke yake. Mwanamume naye hukohoa kutoka mbali, au hupiga fimbo chini, au huchagua njia nyingine, ili asimfedheheshe mke wa mwanawe. Ni adabu yenye miguu miwili. Ukiukata mmoja, kinachobaki si adabu tena.

Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa. Alisimama mbele ya watu akasema kwa sauti nzuri kwamba mambo hayo ya kukimbiana ni ya giza, na kwamba katika nyumba yake yamekwisha. Watu wakaitikia. Kwa hiyo hakukohoa tena, wala hakupiga fimbo. Desturi imekwisha, kikohozi cha nini? Lakini mwanamke asiyemkimbia alimwita mkosefu wa malezi. Alikuwa akitoka kijijini kwake, kwa kuwa kwetu baba na wana walikaa vijiji mbalimbali, akapita katika migomba yetu bila mlio, akatokea ghafula. Nasi wake wa wanawe tukatawanyika kama vifaranga, mmoja akiacha mtungi, mwingine akiacha mwiko. Alidhani hatumwoni. Mimi nilimwona mara moja kupitia majani. Alikuwa akitabasamu.

Ilikuwa miezi ya mvua kubwa. Maji yalikuwa yamelala pande zote, na mahali pakavu pa kuwashia moto mkubwa palikuwa pale tu, kwenye mwinuko kando ya njia ya baba mkwe wangu. Ndani ya nyumba ya mianzi nisingethubutu.

Mara ya pili nilipopika, maji yalikuwa makali ya kutosha, mafuta yalikubali, na mwiko ulianza kuwa mzito. Nikainua macho, nikamwona amesimama karibu kabisa na chungu. Nilikimbia. Nilipokuwa nimejikunyata nyuma ya migomba, maji yakiwa yamefika magotini, nilisikia chungu kikifura na moto ukizimika kwa sauti ndefu. Hakuondoka upesi. Alisimama akatazama, kisha akaenda zake. Fungu la chumvi lilikuwa limekwisha kuingia ndani.

Mara ya tatu nilikusudia kutoondoka. Alipotokea, nilijitanda kanga usoni, nikampa mgongo, nikainama, nikaendelea kukoroga. Alisimama kwa muda, kisha akaja upande wa pili, ili nami nigeuke. Nikageuka, na mwiko ukaniponyoka, na chungu kikaegemea, kikamwagika. Jumamosi mume wangu aliporudi, alikaa bila kuvua mkoba wake.

"Baba anasema ulimtazama," akaniambia.

"Nilimpa mgongo."

"Anasema mgongo wenyewe ulikuwa umesimama."

"Nifundishe basi jinsi mgongo unavyoketi."

Alitaka kucheka, nikaona, kisha akakumbuka ni baba wa nani. "Baba ni baba," akasema. "Pika siku asiyopita."

"Ni siku gani asiyopita?"

Akaanza kuvua mkoba wake.

"Kanisani alisema mambo hayo yamekwisha," nikamwambia.

"Alisema kanisani," akajibu mume wangu, akaenda kunawa miguu.

Simlaumu. Alikuwa mtu mwema aliyefundishwa kwamba wema ni kunyamaza. Lakini nimeishi miaka ya kutosha kujua kwamba mtu kama baba mkwe wangu hafugwi na ubaya wake mwenyewe. Hufugwa na watu wema wanaonyamaza. Sikugombana. Nililitazama fungu la mwisho la chumvi, lililofungwa katika kipande cha jani, nikaona kwamba siku ya kupeleka sabuni inakaribia. Moyo wangu haukudunda hata kidogo. Nilijiambia tu kwamba nitapika mara moja tena, ikimwagika itakuwa imemwagika.

Mume wangu alikuwa na bibi, mzaa baba yake, mjane mzee mwenye miguu iliyovimba, aliyekuja kwangu mara kwa mara kuota moto na kunichokoza. Aliniita mke mwenzangu, kwa madai kwamba mjukuu wake alimposa yeye kwanza. Hakuwa amebatizwa, alisema maji yale yatampa mafua. Siku niliyokusanya kuni kwa ajili ya kupika mara ya mwisho, alinikuta nikipuliza moto.

"Mke mwenzangu, mbona wapuliza kama mtu anayepuliza kidonda cha adui?"

Nikamweleza yote, kwa maneno machache, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Alisikiliza akitafuna ugoro wake. Hakunipa pole. Aliniuliza tu kazi yenyewe huchukua muda gani, nami nikamwonyesha kwa mkono mahali jua litakapokuwa.

"Pika," akasema. "Mimi nakwenda kuketi."

Akajikokota mpaka mahali ambapo njia hubanwa na migomba, maji yakiwa kulia na kushoto, akaketi chini kabisa katikati ya njia, akainyoosha miguu yake yote miwili mpaka ng'ambo. Kwetu mtu haruki miguu ya mtu aliyeketi. Na miguu ya mama aliyemzaa, afadhali atumbukie mtoni.

Nilitia mafuta, nikaanza kukoroga. Sikuwa nikitumaini neno. Baadaye kidogo nikasikia sauti ya mwanamume nyuma yangu, mahali pale penye migomba, ikisalimu kwa upole mwingi.

"Ugonile, mama."

"Nimelala vizuri. Waenda wapi?"

"Naenda kanisani."

"Leo si Jumapili."

"Kuna baraza la wazee."

"Njia ya mto ni fupi, tena ni kavu. Nimeipita mimi kwa miguu hii."

"Mama, sogeza miguu nipite."

"Imechoka. Ilikubeba wewe, nawe hukuwa mwepesi."

Nilijitanda kanga usoni, nikaendelea kukoroga. Mwiko ulikuwa bado mwepesi.

"Niambie kwanza," bibi akasema. "Wakati unakuja, ulikohoa?"

"Sikukohoa."

"Una ugonjwa wa koo?"

"Sina, mama."

"Na fimbo hiyo, imevunjika?"

Nilimsikia baba mkwe wangu akihamisha miguu topeni.

"Tangu kona ile nakutazama. Watembea kwa ncha za vidole kama fisi aliyesikia mbuzi. Mtu mzima, mwenye mvi. Mimi nami nilikuwa mkaza mwana. Babu yako alipokuja kwetu aliimba njia nzima, na sauti hakuwa nayo, tulikuwa tukimwombea anyamaze. Lakini sijapata kumwaga chungu kwa ajili yake. Wewe chungu cha mwenzio kimemwagika mara mbili, nawe ukasimama kutazama."

"Mama, watu wanasikia."

"Ndiyo maana nasema polepole, wasikose neno."

Kutoka migombani, upande wa majirani, mtu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mwiko ulianza kuwa mzito. Nilisikia baba mkwe wangu akisema jambo kwa sauti ya chini, kuhusu heshima, na bibi akamjibu kwamba heshima ile yeye ndiye aliyemfundisha, naye anaijua ilipokatikia. Kisha sikusikia tena maneno. Nilisikia fimbo ikipiga ardhi, pigo baada ya pigo, ikirudi ilikotoka; na nadhani tangu siku ile hakuna aliyeisikia ikinyamaza.

Nilitia chumvi. Sabuni ikajitenga na maji yake, ikapanda juu kama jibini, nikaiopoa nikaishindilia katika vibakuli nilivyokuwa nimevipaka mafuta ndani, maana yule mfinyanzi alikuwa ameniongezea cha pili kwa maharage yaleyale. Kipande kimoja kilipotolewa kilivunjika ukingoni. Cha pili kilitoka kizima, rangi ya asali iliyofifia, na yungiyungi juu yake, jani moja likiwa jembamba kuliko mengine. Nilikiweka juu ya dari kikauke, nikawa nakigeuza kila asubuhi. Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Nilikitazama, nikaona kwamba ni kigumu.

Bibi alipokiona alikipima mkononi. "Ua lenyewe limetazama upande," akasema. "Lakini ni ua." Nikamwambia ndaga, nalo ndilo neno letu la shukrani, na sikuwa na jingine.

Kazi ile niliipata, na nilikaa katika nyumba ya watoto mpaka Waingereza walipokuja wakawachukua Wadachi wenye kituo. Mtoto wa kwanza niliyemwosha pale alilia wakati wote, nami nilimwosha kama mtu anavyoosha sahani. Ganzi haikuondoka siku ile wala mwezi ule. Ilipoanza kuondoka iliuma, kama mkono unavyouma damu inaporudi, lakini hayo si ya hadithi hii. Nalitaja jambo la kazi mapema ili msomaji asikilize nilichosema siku ya kuchaguliwa bila kungoja mwisho; mimi mwenyewe nilipokisema sikuujua.

Siku hiyo tulipanga sabuni zetu juu ya benchi. Palikuwa na moja yenye umbo la samaki, na nyingine iliyokuwa laini hata ikachukua alama za vidole vya kila aliyeigusa. Ya mke wa seremala ilikuwa nzuri kuliko zote, ua lake likiwa lilelile la Ulaya. Mama wa misheni akanawa mikono kwa kila moja, akiifuta na kuinusa. Ile ya mke wa seremala ilimkwaruza, kwa kuwa majivu hayakuchujwa vizuri, lakini akairudisha akaitazama tena kwa mapenzi. Wazee wa kanisa walikuwa wameitwa wawe mashahidi, nao waliketi ukutani, baba mkwe wangu miongoni mwao. Mimi nilisimama nimewapa kisogo, kama ilivyonipasa.

"Umesaidiwa?" akamwuliza mke wa seremala.

"Sikusaidiwa."

Hakuna aliyecheka. Akaja kwangu. Povu la sabuni yangu lilikuwa bado katikati ya vidole vyake.

"Na wewe?"

Nilijua kwamba jibu la kukana lingenipa nyumba ya watoto, na la kukiri lingenirudisha kwenye ua wangu uliofagiwa. Nilijua pia kwamba nyuma yangu kuna mtu ambaye angependa sana nijibu lile la kwanza. Sikuwa jasiri. Jasiri ni mtu anayeogopa kwanza, na mimi sikuwa na hofu wala kitu kingine chochote. Nilikuwa na kweli tu, kwa kuwa ndiyo iliyobaki.

"Nilisaidiwa," nikasema. "Nilikoroga mwenyewe toka mwanzo hata mwisho, lakini nisingemaliza kama mtu asingeizuia njia."

Nyuma yangu fimbo ilisogea sakafuni. Mama wa misheni akakunja uso, akauliza njia gani, tena ilizuiwa asipite nani. Nikamwambia kwamba hilo wazee wanaweza kumweleza. Akawatazama wazee. Hakuna aliyemweleza. Akanigeukia tena, akauliza sasa kwa sauti ya chini ni nani basi aliyenisaidia, nami nikamtaja, kwa jina pekee ninaloruhusiwa kumtaja nalo: mama yake baba mkwe wangu.